Pingili ya Tatu

Koplo aliubwaga mfuko juu ya meza ya stoo ya vielelezo, akarudi nyuma hatua mbili na kujiziba pua kwa kofia yake.

"Huo hapo, afande. Ukitaka kuufungua, subiri kwanza mimi nitoke."

Inspekta hakusubiri. Alikata uzi, akaufunua mfuko, na uvundo ukapanda mpaka darini. Kituoni walimwita Pua, wakidhani hajui, kwa sababu alikuwa na desturi ya kunusa kila kitu: barua, viatu, vikombe, hata pumzi za mashahidi. Desturi hiyo ilikuwa imemlisha miaka kumi na tano. Asubuhi hii alitamani angekuwa na mafua.

Ndani ya mfuko mlikuwa na rundo la mimea iliyoanza kuoza. Ni mmea usio na majani. Una vijiti vya kijani tu, pingili juu ya pingili, vinene, vimejaa maji, na huota pale ambapo mimea mingine yote hufa: kwenye tope la chumvi, pale jangwa linapokutana na bahari. Watu wa upande ule huuita vidole. Zamani walioula walikuwa mbuzi. Siku hizi hata watu wanaula, kwa siki na limau, na hoteli kubwa zinaugombania.

Jumatatu mchana, Mpimaji wa shamba la vidole, mtu aliyekuwa akipima chumvi ya maji na ya mimea, alikutwa amekufa katika kinamasi, mwendo wa robo saa kutoka shambani. Kisogo kilikuwa kimepasuka na mwili umefunikwa kwa rundo hili. Jumanne walimkamata mzee mmoja mfugaji wa mbuzi, kwa sababu Jumapili aligombana na marehemu, na fimbo yake ilikuwa na damu. Leo Alhamisi, na Mkuu wa kituo alitaka jalada mezani kwake saa kumi, ili kesho asubuhi mzee asomewe shtaka la kuua.

"Mkuu anasema tusichokonoe," Koplo alisema nyuma ya kofia. "Fimbo ipo, ugomvi upo, mzee yupo. Anataka nini tena mtu?"

"Nipe picha za Jumatatu."

Koplo alizitandaza mezani. Inspekta aliziangalia, kisha akaona haya. Kinamasi chote kilikuwa chekundu. Kiangazi kikikaza, vidole vya porini hubadilika rangi, vikawa vyekundu kama pilipili iliyoiva, na kilikuwa kimekaza miezi miwili. Katikati ya wekundu huo lilikuwepo rundo la kijani kibichi, na chini yake miguu miwili ya binadamu.

"Tulisimama pale polisi sita," alisema. "Sita. Hakuna aliyejiuliza kijani hiki kimetoka wapi."

"Nilijua ni kibichi kwa sababu kimechumwa juzijuzi."

"Kimechumwa wapi, Koplo?"

Koplo aliziinamia picha tena. Inspekta alivaa glavu, akachagua vijiti ishirini, akavipanga mstari mmoja. Vilikuwa vimelegea na kutoa ute, lakini ncha zake zilisema kitu. Kila kimoja kilikuwa kimekatwa kwa kisu kikali, mkato wa mshazari, mahali palepale, pale ambapo shina gumu linakwisha na ulaini unaanza. Hapakuwa na mzizi hata mmoja. Alimwaga rundo zima mezani, akatafuta mzizi, asiupate.

"Ungekuwa na maiti pembeni yako," alimwuliza Koplo, "na unataka kitu cha kuifunika, ungechuma hivi?"

"Ningeng'oa, afande. Ningeng'oa huku natetemeka."

Inspekta aliinama akanusa mara ya mwisho. Chini ya harufu ya kuoza palikuwa na harufu ya pili, nzito, aliyoijua tangu siku ya kwanza ya kukaa nyumba ya kupanga yenye choo kimoja. Aliinua kichwa haraka, akafunga mfuko.

* * *

Mzee mfugaji alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Uji wake wa asubuhi ulikuwa haujaguswa, na nzi wawili walikuwa wamekwisha kufa ndani yake.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Mbuzi wangu wamepata maji?"

"Mkeo yuko nao. Nina swali moja tu. Ukitaka kuwapa mbuzi vidole, unavikataje?"

Mzee alimtazama kama mtu anayeulizwa maji yanamiminwaje. "Kukata? Nang'oa. Na wao wanang'oa. Kile kitu kinaota chenyewe, nikikatie kwa adabu gani?"

"Na Jumapili mligombania nini na marehemu?"

"Nimekwisha sema, na huyu bwana ameandika." Alimwonyesha Koplo kwa kidevu. "Mbuzi walikwenda kwenye ukuta wa shamba. Pale pana neti, na chini ya neti panatoka maji, na vidole vimeota nje, vinene. Wakala. Akaja mbio anawafukuza. Akaniambia, 'Mzee, usiwaache mbuzi wako wale hapa, watakufa.' Nikaona ananitishia atawaua. Nikamtukania mama yake. Hilo nitajibu kwa Mungu."

Inspekta aligeuka taratibu. "Koplo, umeandikaje?"

Koplo alifungua daftari, akakohoa. "Marehemu alitishia kuua mbuzi wa mtuhumiwa."

"Mzee, kuna mbuzi aliyekufa?"

"Wawili, Jumatatu alfajiri. Waliharisha mpaka wakaisha. Mmoja alikuwa na mimba, nikajaribu kumtoa mtoto. Ndiyo hiyo damu ya fimbo na nguo. Nimewaambia damu ni ya mbuzi, mkacheka."

Hakuna aliyecheka sasa. Inspekta aliiona aibu ikimpanda shingoni, kwa sababu Jumanne na yeye alikuwepo, na kama hakucheka, hakuwanyamazisha waliocheka. Yule marehemu hakutishia mtu. Alikuwa anaonya.

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," Koplo alinong'ona walipotoka kwenye korido.

"Haki yake saa kumi inapelekwa mezani kwa Mkuu. Pakia ule mfuko, washa gari."

* * *

Njiani walisimama kinamasini. Tope jeusi lilinuka mayai viza kama kawaida yake, na Koplo alichuma vidole vyekundu mkono mmoja huku akilalamikia viatu vyake. Kutoka hapo walikwenda kwa mjane.

Mjane wa Mpimaji alikaa vyumba viwili nyuma ya karakana za kuchomelea vyuma. Watoto alikuwa amewapeleka kwa dada yake. Aliwapa viti, yeye akabaki kwenye mkeka.

"Pole tena, dada yangu."

"Nimeshapoa."

"Marehemu alikuwa anakula vidole?"

Mjane alikunja ncha ya kanga, akaikunjua. "Alivikataza. Wiki mbili sasa. Nilikuwa nimekwisha kuviosha, akabeba sufuria akamwaga nje. 'Mama watoto, humu ndani visiingie tena.' Namuuliza kulikoni, anasema ni mambo yake na kaka yake. 'Nimempa kaka mpaka Jumatatu amwambie mama kwa mdomo wake. Mimi si wa kumtangulia mkubwa wangu kwa mama.'"

"Mpaka Jumatatu."

"Na Jumatatu mmemleta kwenye machela."

Kaka mkubwa ndiye mwenye shamba. Watu wote walimwita Meneja, hata mama yake mzazi. Jumanne alikuwa amelia mbele ya Inspekta mpaka kola ya shati ikalowa.

"Mbona hukutuambia?"

"Mliniuliza?" Sauti ya mjane ilipanda. "Mliniuliza kama mume wangu ana maadui. Kaka wa mtu ni adui yake? Shemeji ndiye amesimamia mazishi, ndiye anayelisha watu msibani. Mnataka mimi nisimame mbele ya ukoo niseme nini?"

Inspekta aliinamisha kichwa. Aliomba kifaa cha marehemu cha kupimia chumvi. Mjane aliingia ndani akatoka na kitu kama darubini fupi, kimefungwa kwa kitambaa safi.

"Unajua kukitumia?"

"Nimeishi naye miaka tisa. Alikuwa anapima mpaka mchuzi wangu." Alijaribu kutabasamu, akashindwa. "Kamua tone hapa kwenye kioo. Funika. Tazama kwenye mwanga. Namba inaposimama rangi, ndiyo chumvi."

Walianza na kidole chekundu cha kinamasini. Inspekta aliinua kifaa dirishani. Rangi ilisimama kwenye arobaini. Akafuta kioo, akachukua kijiti cha kielelezo, kile kilichokuwa juu ya maiti, akakikamua huku amefunga mdomo.

"Tisa," alisema.

"Rudia."

Alirudia kwa kijiti kingine. Ikawa nane.

"Hakuna kidole cha nane," mjane alisema. "Kidole kinabeba chumvi ya maji kinayokunywa. Shambani ni maji ya bahari, thelathini na tano kwenda juu. Hicho kimekunywa maji yasiyo na chumvi. Na huku kwetu maji yasiyo na chumvi hayatoki ardhini, yanakuja kwa lori."

"Lori la maji ya kunywa linaingia shambani?"

"Haliingii. Lori linalopita njia ile ni moja tu, la ..." Mjane aliacha mdomo wazi, kisha akauziba kwa kiganja. "La majitaka. Linanyonya vyoo vya mjini, linapita kila alasiri. Tulijua linakwenda kumwaga bondeni."

Inspekta alikiweka kijiti chini. Nje fundi alikuwa anagonga chuma. Inspekta alikumbuka Jumanne, sebuleni kwa Meneja, sinia la vidole vinene vilivyopangwa na vipande vya limau. Karibu, afande, angalau uonje. Alionja. Vilikuwa laini, havina chumvi kali, akavisifu. Akaongeza.

Alitoka nje, akainama pembeni ya ukuta wa karakana, na kile alichokula asubuhi kikatoka chote. Koplo alimshikia kofia.

"Na mimi nilikula, afande," alisema kwa huzuni. "Nilibeba na vingine vya nyumbani."

* * *

Kibali cha kupekua shamba kilikuwa kwenye jalada tangu Jumanne, hakijatumika, kwa sababu Mkuu aliona hakuna haja ya kuwasumbua wafiwa. Saa nane mchana Inspekta alikionyesha getini, mlinzi akakisoma juu chini, akafungua.

Shamba lilikuwa na vitanda sita virefu. Vitano vilikuwa wazi, maji ya bahari yakipita kwenye mifereji. Cha sita kilikuwa mwisho kabisa, kimezungushiwa neti nyeusi, mlango wa mabati na kufuli.

Kitanda cha pili, mwanamke mnene mwenye kilemba alikuwa anakata, kisu kikienda kama mashine. Huyo alikuwa mkataji mkuu, mwenye miaka kumi na moja kazini.

"Nionyeshe mnavyokata, mama."

"Hapa." Aliinua kijiti. "Kutoka chini unahesabu pingili moja, mbili, tatu. Unakata juu ya ya tatu, mshazari, maji yasituame. Chini ya hapo ni kuni. Ukikata chini ya ya tatu hakioti tena. Ukikata juu, kinachipua."

"Kila mtu anakata hivyo?"

"Kila mtu wa hapa. Mgeni anang'oa tu. Meneja ndiye aliyetufundisha wote, na ukikosea unakwenda nyumbani siku hiyohiyo. Yule hana mchezo na pingili ya tatu. Mimi sasa hata nikikata mchicha kwangu, mkono unahesabu wenyewe."

"Na kitanda cha sita?"

"Hatuingii. Ni cha mbegu, anasema. Ufunguo anao yeye, anakata mwenyewe, anatuletea tuoshe na kufunga."

"Jumatatu asubuhi mlikuwa wapi?"

"Alitutuma wote kule baharini tukafungue lango la maji. Tuliporudi tukamkuta anarudisha mkokoteni, ametota jasho. Tukacheka, maana Meneja na mkokoteni wapi na wapi! Akasema amekwenda kutupa vidole vibovu kinamasini. Nikashangaa kidogo. Hapa hakitupwi kitu."

Inspekta alimtazama Koplo. Koplo alikuwa amekwisha kuchukua nondo ya gari.

Kufuli lilikatika mara ya pili. Mlango ulipofunguka, mkataji mkuu alirudi nyuma akijifunika uso kwa kilemba. Siku zote hizo watu wa shamba walikuwa wamelaumu kinamasi kwa harufu ile. Kinamasi kinanuka mayai viza, na hii ilikuwa harufu nyingine kabisa. Bomba nene lilitoka ukutani upande wa barabara, na chini yake maji meusi yalilala kati ya mistari, yakielea karatasi na mambo mengine ambayo Inspekta aliyatazama mara moja tu. Vidole vilikuwa vimesimama humo, vinene kama gumba la mtu mzima, vya kijani kinachong'aa, vizuri kuliko vyote shambani. Uzuri wenyewe ndio uliomtia kinyaa zaidi.

"Mimi nimeviosha hivi kwa mikono hii," mkataji mkuu alisema. Alikuwa ananyoosha mikono mbele, mbali na mwili wake. "Mwaka mzima."

"Mama, nisaidie. Pale kwenye kona pamekatwa."

Palikuwa na eneo la ukubwa wa mkeka, vishina vitupu, vyote juu ya pingili ya tatu. Kwenye kila kishina palikuwa na vichipukizi vidogo. Mkataji alijikaza, akainama.

"Punje ya mchele," alisema. "Chipukizi la punje ya mchele ni la siku tatu. Likifika punje ya harage ni wiki."

"Jumatatu," Koplo alisema, akihesabu kwa vidole vyake mwenyewe.

Inspekta alifungua mfuko wa vielelezo. Vijiti vile vinene vilikuwa na funza, vya porini havina, na katika baadhi yake mkato ulikuwa umepita katikati ya tundu la funza. Alichuchumaa kwenye uchafu ule, kiatu kikazama, akaanza kulinganisha kijiti na kishina, kimoja baada ya kingine, huku Koplo akipiga picha na kuapa kimyakimya kwamba akistaafu atafuga nyuki. Nusu saa ilipita. Kijiti cha arobaini na kitu kilikaa juu ya kishina chake, mshazari kwa mshazari, tundu juu ya tundu. Alipokibana, funza mweupe alitoka chini, akapanda juu ya glavu yake.

Alimwacha atembee mpaka Koplo alipomaliza kupiga picha.

* * *

Nyumba ya mama mzazi ilikuwa ndani ya uwanja wa shamba. Waombolezaji walikuwa wamepungua, wachache wamekaa nje kwenye viti vya kukodi. Sebuleni alikuwepo mama mwenyewe, kikongwe mdogo aliyefunikwa shuka, na Meneja pembeni yake, kanzu nyeupe, macho mekundu. Kwenye meza palikuwa na sinia la vidole na limau.

"Karibu, afande," Meneja alisema. "Yule muuaji kesho mnamfikisha?"

"Kuna jambo dogo nimekuja kumalizia." Inspekta alibaki amesimama. Alikuwa ameosha mikono mara nne na bado aliinusa. "Mama, samahani sana kwa kukuingilia msibani."

"Kaa, mwanangu. Ule kidogo. Meneja ananiletea limbuko kila asubuhi, mimi sina meno ya kumaliza."

Inspekta aliweka mezani kijiti kibichi alichokikata kitanda cha sita. Kilikuwa kizuri kuliko vyote vilivyokuwa kwenye sinia.

"Hiki ni cha kwako, Meneja. Nimekuchumia. Kitafune."

Meneja alikitazama. Macho yake yalikwenda dirishani, upande wa neti nyeusi, yakarudi. "Nimefunga, afande."

"Umefunga?" mama alishangaa. "Si umekunywa chai na mimi sasa hivi?"

"Sina hamu, mama. Msiba huu ..."

"Hamu inakuja ukianza. Basi kula hivi vyangu, hivi ulivyoniletea leo." Alilisukuma sinia mbele ya mwanawe. "Tangu Jumatatu hujatia chakula mdomoni, utaanguka. Kula, nikuone."

Meneja alibana midomo. Mkono wake ulifika kwenye ukingo wa sinia, ukasimama hapo, ukarudi kwenye paja. Inspekta alilitazama sinia. Koplo alikuwa amekwenda kusimama mlangoni.

"Meneja," mama aliita, taratibu, "kwa nini huli?"

"Mama, achana navyo."

"Nakuuliza kwa nini huli. Mbona mimi unaniletea kila siku?"

"Vyako naviosha mwenyewe, mama!" Sauti ilimtoka kama ya mtoto. "Vyako sijawahi kuwaachia wafanyakazi. Naviosha mwenyewe, mara tatu."

Kikongwe alimtazama mwanawe. Hakuwa anaelewa yote, lakini alielewa kwamba kuna kilichohitaji kuoshwa mara tatu. Mkono wake ulipanda pole pole mpaka mdomoni.

"Mdogo wako alikupa mpaka Jumatatu umwambie mama," Inspekta alisema. "Ilipofika, ukafanya nini?"

"Nilimwomba anipe mwezi mmoja." Meneja aliongea akitazama zulia. "Maji ya bahari yanakuza polepole, hoteli zinataka vinene. Nikamwambia mwezi mmoja tu, nitaziba bomba. Akasema hapana, mbuzi wamekwisha kufa, kesho atakufa mtoto wa mtu. Akanipa mgongo, anakuja huku kwa mama. Nyundo ya lango la maji ilikuwa mkononi. Sikukusudia."

"Ukamweka kwenye mkokoteni, ukamfunika kwa vidole ili upite naye mchana kweupe."

Meneja aliitikia kwa kichwa.

"Ulikuwa na haraka. Wafanyakazi wangerudi wakati wowote. Kung'oa ni dakika mbili. Lakini ulichuchumaa, ndugu yako amelala pale, ukakata kijiti kimoja kimoja juu ya pingili ya tatu. Kwa nini?"

Meneja aliinua uso. Kwa mara ya kwanza alionekana kushangaa kweli, kama bwana shamba aliyeulizwa swali na mtu wa mjini.

"Ningeng'oa, visingeota tena," alisema.

Inspekta alikuwa amesikia wauaji wengi. Wengine walimtia hasira, wachache huruma. Huyu alimtia kichefuchefu, kile kile cha ukutani kwa mjane, na safari hii hapakuwa na kitu tumboni cha kutoa. Alimwashiria Koplo kwa kichwa. Pingu zilifungwa juu ya mikono ya kanzu, na Meneja akatolewa kupitia mlango wa nyuma, kwa sababu aliomba wageni wasimwone.

* * *

Saa kumi kasoro dakika kumi, Inspekta alipiga simu kituoni akiwa uani.

"Jalada liko wapi?" Mkuu alianza. "Nina karani wa mahakama hapa."

"Mzee si yeye, afande. Ni kaka wa marehemu. Amekiri mbele ya mashahidi wawili, na nina kielelezo."

"Wewe! Unajua yule mtu ni nani hapa mjini? Nimekuambia usiwasumbue wafiwa. Jalada la mzee limekamilika, lilete kama lilivyo, mengine tutayatazama wiki ijayo."

"Afande, kile kikapu cha vidole anachokuletea kila Ijumaa."

"Kimefanya nini kikapu? Ni zawadi, hakuna sheria inayo ..."

"Ni vile vinene?"

"Vinene, ndiyo. Nyumbani tunavipenda. Vina nini?"

Akamwambia. Alimwambia kwa mpangilio, kama anavyotoa ripoti: lori, bomba, kitanda, karatasi zinazoelea, funza. Upande wa pili kiti kilisukumwa, nyayo zikakimbia, mlango ukapigwa, na kwa mbali pakasikika mtu mzima akitapika. Baada ya muda askari wa zamu aliokota simu.

"Inspekta? Mkuu anasema tumfungulie mzee."

"Amesema lini?"

"Amesema akiwa anakimbia."

"Mpe na fimbo yake. Na mwombe radhi, usisahau. Mwambie ni kwa niaba yangu."

Alifunga simu. Haki ilikuwa imetendeka, na aliyeiharakisha ni tumbo la Mkuu. Aliona kinyaa na hilo pia.

Kwenye bomba la uani, mama alikuwa ameinama peke yake, shuka limeanguka mabegani, anasukutua. Alijaza maji kiganjani, akasukutua, akatema, akajaza tena. Mbele yake, mchangani, sinia lilikuwa limepinduliwa na vidole vyote vimetawanyika. Aliposikia nyayo aligeuka, maji yakimchuruzika kidevuni.

"Wanangu wote wawili," alisema. Kisha akaonyesha mdomo wake. "Hii, mwanangu. Inatoka?"

Inspekta hakujua kama anaulizwa habari ya uchafu au ya wanawe. Alimwokotea shuka, akamrudishia mabegani, kisha akafungua bomba zaidi ili maji yaje mengi.